Uwanja wa Kale wa Los Angeles

Katikati ya jiji la Los Angeles, huko Marekani, upo uwanja mdogo wenye miti mikubwa na jukwaa la duara la wapiga muziki. Kando yake ni kichochoro cha Olvera, chenye vibanda vya mikanda ya ngozi, vyungu na vyakula vya Kimeksiko.

Kila mwaka, tangu 15 Septemba hadi 15 Oktoba, Marekani huadhimisha urithi wa raia wake wenye asili ya Kihispania. Tarehe hiyo haikuokotwa. Tarehe 15 Septemba, 1821, Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua na Costa Rica zilijitoa katika himaya ya Hispania. Nayo Meksiko husherehekea uhuru wake siku inayofuata. Mmoja wa walioleta hoja bungeni ni Edward Roybal, mbunge wa Los Angeles, aliyepata kulitumikia jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Rais Johnson aliidhinisha juma moja mwaka 1968. Rais Reagan akalifanya mwezi mwaka 1988.

Lakini kwa nini raia waombe kukumbukwa? Uwanja huu unajibu. Mji ulianzishwa 4 Septemba, 1781, na walowezi 44 waliotoka Meksiko, na zaidi ya nusu yao walikuwa na damu ya Kiafrika. Marekani iliitwaa California kwa vita vya 1846 hadi 1848. Wenyeji wakajikuta ugenini bila kutoka majumbani mwao.

Mwaka 1930 kichochoro cha Olvera kilifunguliwa kuwa soko la Kimeksiko la kuvutia watalii. Haukupita mwaka. Tarehe 26 Februari, 1931, wakati wa mdororo wa uchumi, maofisa wa uhamiaji wakisaidiwa na polisi waliuzingira uwanja, wakawazuia watu wapatao 400 na kuwadai vyeti. Yaani vyungu vya Wameksiko vilikaribishwa, wenyewe wakafukuzwa. Katika miaka hiyo maelfu kwa maelfu walirudishwa Meksiko, wakiwamo watoto waliozaliwa Marekani na waliokuwa raia halali.

Mwaka 1932 mchoraji wa Meksiko, David Alfaro Siqueiros, alipewa ukuta hapo juu ya kichochoro. Waliomwajiri walitazamia mandhari ya kupendeza; yeye akamchora mwenyeji asilia aliyesulubiwa, na tai wa Marekani juu yake. Ukuta ukapakwa chokaa. Picha hiyo ilifunuliwa tena kwa umma mwaka 2012. Rangi zake zimepauka sana, lakini yule mtu msalabani bado anaonekana.