Andika Ulichobadilisha

Mpendwa unayetengeneza programu huria, usitoe toleo jipya ukasema tu, "tumerekebisha mambo madogo." Madogo kwa nani? Mwaka 2006 mistari michache iliondolewa kwenye OpenSSL ya Debian, na funguo za siri zikawa rahisi kukisia. Ilitangazwa Mei 2008. Karibu miaka miwili, hebu fikiria! Lakini kumbukumbu ilikuwepo: toleo 0.9.8c-1, tarehe 17 Septemba 2006. Ndiyo maana watu walijua pa kuanzia, wakashauriwa kutupa funguo zote zilizotengenezwa na matoleo yenye kasoro. Anayelinda seva usiku hajawahi kukuona, mpendwa. Anasoma tu ile orodha yako ya mabadiliko. Kwa hiyo andika na ulichoondoa, si ulichoongeza peke yake.