Mtoto Akiogopa Radi

Leo nataka kuungama jambo.

Juma lililopita mjukuu wangu alikuja kututembelea hapa Kakamega. Ana miaka miwili na miezi kidogo. Kwao Nairobi wanaishi ghorofa ya nne, mvua anaiona tu kwa dirisha. Huku kwetu mnajua ilivyo: asubuhi jua, alasiri mawingu, halafu mvua inapiga mabati mpaka watu hawasikizani. Radi ya kwanza ilipopiga, mtoto alipiga nduru, akajificha chini ya meza.

Mimi mchungaji nikasema yale niliyozoea kuwaambia watoto wangu: "Nyamaza! Mtoto wa nyumba hii haogopi radi."

Binti yangu akanitazama, akasema kwa upole, "Baba, hata mimi uliniambia hivyo. Sikuacha kuogopa. Niliacha tu kukuambia."

Wapendwa, neno hilo lilinichoma.

Binti yangu aliketi sakafuni kando ya meza, akatoa kitabu kidogo cha picha, vile vya kurasa ngumu ambazo mtoto hawezi kurarua. Hakusoma sana. Aliweka tu kidole kwa picha. "Hili ni wingu. Hii ni mvua. Na hii?" Mtoto akachungulia. "Adi." Bado hajui kutamka vizuri.

Radi ilipomulika tena, wakahesabu pamoja mpaka sita, ndipo ngurumo ikafika. Sauti huchukua kama sekunde tatu kusafiri kilomita moja, kwa hivyo radi hiyo ilikuwa mbali kama kilomita mbili. Mtoto hajui kilomita ni nini. Lakini alijua mama yake anangojea ngurumo na wala hashtuki. Ilipofika mara ya nne, alikuwa ametoka chini ya meza.

Mvua ilipokatika tulingoja nusu saa bila kusikia ngurumo, kwa sababu radi si ya kuchezewa. Kisha nikambeba nje, kitabu mkononi. Tuligusa matone kwa majani ya ndizi. Alikanyaga dimbwi kwa miguu mitupu. Nikamwonyesha wingu juu, akafungua ukurasa wake, akatikisa kichwa: la kitabu ni jeupe, hili ni jeusi! Alinitazama kana kwamba mimi ndiye nimekosea. Hapo nikaelewa. Kitabu kilimpa jina la kitu, na nje akakutana na kitu chenyewe.

Usiku nilifungua Ayubu 37. Elihu anaanza kwa kusema kwamba moyo wake unatetemeka kwa sababu ya ngurumo. Mtu mzima! Na hakuna anayemkemea hapo. Badala yake anawaita wenzake wasikilize, kisha anaendelea kutaja theluji, mvua, tufani, baridi na mawingu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemfungulia mtoto kurasa.

Mzazi mpendwa, kuogopa kwa mtoto mdogo si ukosefu wa imani. Mpakate. Mpe maneno ya kile anachosikia, kisha mtoe nje akaone kazi ya mikono ya Mungu. Usiseme vitabu ni ghali. African Storybook kutoka Afrika Kusini wana hadithi nyingi za picha mtandaoni, za bure, hata kwa Kiswahili. Simu hiyo unayonisomea inaweza kuzifungua. Na kama huna bando, chora wingu kwa karatasi.

Kabla hawajarudi Nairobi nilimwomba binti yangu msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, hata leo naogopa radi."

Nikamwambia, "Hata mimi, mwanangu."

Miaka yote hiyo hatukuwa tumeambiana.

Mbarikiwe. Na leo mvua ikinyesha, usimfungie mtoto na katuni. Kaa naye dirishani.