Merikebu Iliyolala Ubavu

Wanafunzi wa zamani mliofika shuleni siku ya mkutano wenu mwaka jana mtakumbuka kwamba baada ya chai mliitwa kwenye tangi la maji nyuma ya karakana, mkaonyeshwa merikebu ndogo ya mbao ikitiwa majini. Mtakumbuka pia kwamba haikusimama sawasawa hata dakika moja. Ililala ubavu, na wengi wenu mlicheka. Sikuudhika sana kwa kicheko kile; hata mimi ningalicheka kama kazi ingalikuwa ya mtu mwingine. Lakini baada ya kicheko nilisema neno moja mbele yenu, na kwa ajili ya neno hilo nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili. Nitalifikia. Kwanza yafaa nieleze jinsi kazi yenyewe ilivyoanza.

Kwetu ni kando ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda, na baba yangu ni mvuvi. Mitumbwi ya mbao nimeiona tangu sijajua kutembea, na hilo ndilo lililonitia kiburi. Nilipokuwa kidato cha pili nilikuta katika maktaba yetu kitabu kikubwa cha picha juu ya merikebu iitwayo Vasa. Mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi aliagiza ijengwe katika mji wa Stockholm, iwe merikebu ya vita yenye mizinga 64, na mingi ya mizinga hiyo ikae katika sitaha mbili, moja juu ya nyingine. Urefu wake, ukipima pamoja na ule mti unaotokeza mbele, ulikuwa karibu mita 69, na kimo chake toka chini hata ncha ya mlingoti mkuu kilikuwa zaidi ya mita 50. Nyuma ilipambwa kwa sanamu za simba na za watu, mia kadhaa.

Tarehe 10 Agosti 1628 ilitweka matanga kwa safari yake ya kwanza. Watu wa mji walikuwa wamejaa ufukoni wakitazama. Basi, kabla haijatoka bandarini, upepo ukaipiga, ikainama upande wa kushoto, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga, ikazama hapo hapo. Ilikuwa imekwenda mita 1,300 hivi tu. Watu kama 30 walikufa. Ikakaa chini ya maji miaka 333, mpaka ilipoinuliwa tarehe 24 Aprili 1961, na mbao zake zikaonekana zingali imara, kwa sababu maji ya Bahari ya Baltiki hayana chumvi nyingi, na yule mdudu wa baharini alaye mbao za vyombo hawezi kuishi humo. Leo imo katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1990 huko huko Stockholm.

Nilipomaliza kusoma nilifunga kitabu nikasema, "Hii nitaitengeneza." Nilikata shauri kila mita moja ya merikebu iwe sentimita moja ya mbao, hesabu isiyomsumbua mtu.

Nilikwenda kwa fundi wa karakana kuomba mbao. Akaniuliza, "Kijana, umekwisha tengeneza nini mpaka leo?" Nikamwambia, kigoda kimoja na kibao cha kukatia mboga. Akasema, "Basi tengeneza mtumbwi mmoja, kisha urudi tuzungumze." Nikamjibu kwamba mtumbwi nimezaliwa nao. Mzee yule alinitazama kidogo, akacheka, akanipa ubao wa musizi, ambao ni mti mwepesi na haumpigi mtu msumeno. Hakusema neno zaidi.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye ni mtu wa Mombasa, alinipa maneno. Kwetu tuna majina ya mtumbwi kwa lugha yetu, lakini ya merikebu hatuna. Yeye alinifundisha kwamba mti wa chini unaobeba chombo chote ni mkuku, na mbavu zake ni mataruma. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Mti unaoshika tanga ni foromali. Na mawe yanayotiwa ndani chini ili chombo kisipinduke ni farumi. Nilipenda neno hilo la farumi nikalirudia siku nzima, na wenzangu wakadhani ni jina la mchezaji mpira.

Kazi ilipoanza niliona mapema kwamba peke yangu sitaiweza. Nikamwomba mwenzangu tunayekaa naye dawati moja, kijana mpole mwenye mkono mzuri kuliko wangu, naye akakubali. Katika kitabu mataruma yalichorwa nusu tu, maana nusu ya pili ni ile ile ikigeuzwa. Tukapatana kwamba tutakuwa na mataruma 19. Mimi nichonge nusu za upande wa kushoto, yeye nusu za upande wa kulia, kisha tuzigandishe huku na huku ya mkuku. Fundi alisema ni afadhali kila taruma likatwe zima katika ubao mmoja. Nikamwambia njia yetu ni ya upesi.

Michoro niliipeleka mjini siku ya Jumamosi kutolewa fotokopi. Mwenye duka aliikuza mpaka ikafika kipimo nilichotaka, akanipa karatasi za kwanza, na kabla hajatoa za pili umeme ukakatika. Jumamosi ya pili nikalikuta duka lile limefungwa. Nikaingia duka jingine, nikamwonyesha yule bwana karatasi yangu, nikamwambia, "Kuza iwe kama hii." Akakuza kwa kukisia, nami nikazikunja nikaondoka mbio, maana kengele ya shule haimngojei mtu. Sikupima. Naomba msomaji aliweke neno hilo akilini.

Karatasi za kwanza nilizishika mimi. Za pili nilimpa mwenzangu.

Miezi miwili tulichonga na kupiga msasa kila baada ya masomo. Siku tulipoyapanga mataruma juu ya meza, mwenzangu alisema, "Ndugu, haya yangu naona madogo kuliko yako." Nikayatazama. Nikamwambia, "Ni macho yako. Mbao zikipigwa juu hazitaonyesha." Akanyamaza. Tukayagandisha.

Kupiga mbao za ubavuni ndiyo kazi inayomjulisha mtu uwezo wake. Tulipasua vipande vyembamba vyenye upana wa milimita tano. Penye kati ya chombo havina taabu, hulala kama mkeka. Lakini penye omo lazima vipinde ghafula, na huko tulivunja vipande visivyo na hesabu. Fundi, aliyekuwa akipita kila jioni kama mtu asiyeangalia kitu, siku moja alichukua kipande akakitia katika maji ya moto, akangoja, kisha akakipinda taratibu juu ya kopo lililokuwa na makaa ndani. Kikapinda kama ukanda wa ngozi. Akatuambia tena tusimalize ubavu mmoja kabla ya mwingine, ila tupige kipande kimoja kushoto, kimoja kulia, maana gundi ikikauka huvuta, na ikivuta upande mmoja tu, mkuku utapotoka. Shauri hili tulilifuata, namshukuru Mungu.

Na kwa kulifuata ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Upande wa kulia ulijaa kwa vipande 29. Upande wa kushoto ulimeza 31. Mimi nikafurahi kwamba vimebaki viwili vya akiba.

Siku ya mkutano wenu ikafika. Milingoti ilikuwa haijasimamishwa, lakini nilikuwa nimewaahidi watu wengi kwamba itaelea, tukaitia majini. Ikalalia upande wa kulia. Tukatia farumi ya misumari mizito. Ikazidi kuzama, ikabaki imelala vile vile. Hapo ndipo mlipocheka, na hapo ndipo niliposema kwa sauti, "Upande wa kulia si kazi yangu. Mwenzangu hakupima." Mwenzangu alikuwa amesimama karibu nami, ameshika taulo la kuipangusia merikebu. Aliliweka taulo juu ya ukuta wa tangi akaenda zake. Tangu jioni ile hakuja karakana, na darasani alihama dawati.

Majuma mawili baadaye nilikifungua kile kitabu tena, nikitafuta kitu cha kujitetea. Nikasoma habari za baraza lililokaa mwezi wa Septemba 1628 kuuliza kwa nini Vasa ilizama. Kepteni alikuwa amekamatwa siku ile ile. Aliapa kwamba mizinga ilifungwa vizuri na mabaharia hawakulewa. Mabaharia walisema chombo kilikuwa kizito juu. Mafundi walisema walifuata vipimo alivyovikubali mfalme. Bwana fundi mkuu, Henrik Hybertsson, alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Tena ikajulikana kwamba kabla ya safari walipimwa watu 30 wakikimbia toka upande huu wa sitaha hata upande huu, na walipokwisha kukimbia mara tatu merikebu iliyumba vibaya mno hata wakasimamishwa. Na bado ikaachwa isafiri. Mwisho hakuadhibiwa mtu yeyote.

Lakini lililonitoa jasho lilikuwa jambo jingine. Wataalamu walioipima Vasa katika siku zetu waliona kwamba pande zake mbili hazilingani. Tena ndani ya merikebu zilipatikana rula nne za mafundi: mbili za futi ya Uswidi, iliyogawanywa inchi 12, na mbili za futi ya Amsterdam, iliyogawanywa inchi 11. Futi ya kwanza ni sentimita 29.7 hivi, ya pili 28.3. Kila fundi alipima kwa uangalifu, kila mmoja kwa rula yake.

Nilikwenda bwenini nikatoa karatasi zetu zote. Nikaweka karatasi yangu na yake pamoja juu ya kioo cha dirisha. Mistari haikukutana. Chini ya mchoro kulikuwa na kipimo cha mita kumi: katika karatasi yangu kilikuwa sentimita 10 kamili, katika yake sentimita 9 na nusu. Nikayapima mataruma yake yaliyobaki. Yalifuata karatasi kama uzi. Yangu ndiyo yaliyokuwa yameruka mstari mahali pengi.

Nilimwendea uwanjani, nikamwonyesha karatasi, nikamwomba radhi. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ulisema mbele ya watu." Nikamwahidi kusema darasani, nami nilisema Jumatatu yake, mwalimu akiwapo. Baada ya hapo akaniuliza, "Na wale wanafunzi wa zamani? Wamekwenda makwao. Utawaambiaje?" Sikuwa na jibu, mpaka Mhariri alipotangaza kwamba anataka makala.

Basi mabwana, niliyosema penye tangi hayakuwa kweli. Mwenzangu alipima. Aliona kosa, akaniambia, nami sikumsikiliza. Karatasi mbaya nilimpa mimi.

Mwezi wa pili mwaka huu alirudi karakana bila kusema kitu, akachukua msumeno. Tumeanza upya, kila taruma zima katika ubao mmoja kama tulivyoambiwa, na michoro yote imetoka katika duka moja siku moja. Mbavu zimekwisha simama. Mizinga tumechonga 23, imebaki 41, na vidole vyetu vina makovu ya kutosha. Kama yuko kati yenu mwenye waya mwembamba wa shaba asiouhitaji, au uzi imara wa rangi nyeusi kwa kamba za milingoti, tutashukuru akituletea siku ya mkutano. Ampe mwenzangu, maana yeye ndiye mtunza vifaa.

Ile ya kwanza hatukuitupa. Iko juu ya kabati la fundi, naye anawekea misumari. Anasema kwa kazi hiyo kulala kwake ubavu ni faida, kwa sababu mkono unaingia bila taabu.