Oili ya Pili

Dada msomaji, kama mwenzako ana pikipiki ya kizamani, jua kwamba ndani ya nyumba mko watatu. Wangu ana Yamaha DT, aliyoachiwa na marehemu baba yake, bwana shamba wa Lushoto. Jamii hiyo ya Yamaha ilianza kuuzwa mwaka 1968, na hii yetu bado inapanda milima kama mbuzi. Mimi kazi yangu iko Dar, yeye yuko kule juu. Kila nikienda, ndiyo inayonipokea Mombo, tukapanda kilometa kama 33 za kona tupu.

Sasa kaa nikupe siri. Mashine hizi za moshi wa bluu zina oili mbili. Ya kwanza ina kitangi chake. Inachanganyika na petroli na kuungua. Hiyo huisahau vipi, wakati inakwisha mbele ya macho yako? Ya pili imefungiwa chini, kwenye giaboksi, inalainisha gia na klachi. Yenyewe haiungui. Inachakaa humo humo kimya kimya, au inavuja tone kwa tone kwenye sili iliyokauka. Mume wangu ni hodari wa ile ya kwanza. Ukimuuliza ya pili: "Mama watoto, oili si nimeweka jana?"

Safari moja, tukishuka chini ya Soni, giaboksi ikaanza kulia kama inasaga kokoto. Gia zikikauka zinaweza kukamatana, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, na pembeni ni bonde! Tukashuka, tukaikokota hadi kwa fundi. Alipofungua nati ya chini ilitoka oili kiduchu, nyeusi, inametameta vumbi la chuma.

Fundi akatupa somo. Injini ipate joto dakika chache, izimwe, itulie. Pikipiki isimame wima mahali tambarare; ukiilaza kwenye stendi ya pembeni, kipimo kinakudanganya. (Tambarare Usambara, ya kutafuta kwa tochi!) Nyingine zina kijiti, nyingine kidirisha cha kioo. Zenye boliti ya usawa, unaifungua, unamimina kwa juu taratibu mpaka oili idondoke hapo, unaiacha ikome yenyewe, unafunga. Usizidishe. Na iwe oili ya pikipiki, maana baadhi ya oili za magari zina dawa zinazofanya klachi iteleze.

Namsikiliza fundi, namtazama mume wangu. Salio ananirushia, ada ya watoto haichelewi. Vinavyokwisha vinaonekana, anajaza. Lakini tangu tumzike baba mkwe, kukaa wawili tukaongea bila haraka kulikoma. Nadhani aliogopa kufungua, asije akakuta vumbi la chuma.

Usiku ule nikamwambia, "Baba, mimi ni oili ya pili." Akacheka. Kisha akanyamaza, na kwa mara ya kwanza akalia kwa ajili ya baba yake. Tuliongea mpaka taa ikaisha mafuta.

Kwa hiyo dada, usimpime mwenzako katikati ya mteremko wa ugomvi, wala akiwa ameinama na mizigo ya kazi. Subiri atulie, asimame wima. Halafu fungua taratibu, na uwe tayari kwa rangi yoyote itakayotoka.