Nilivyojifunza kusoma kwenye kidirisha cheusi

Mwaka jana nilirekodi kwa simu hadithi ambazo nkambo wangu alitusimulia tangu utoto wetu hapa Lubumbashi, kisha nikazinakili kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine. Memwari yangu ilihusu jinsi Kiswahili chetu kinavyoonyesha udogo kwa ka- na tu-. Kiswahili sanifu kina kitoto na kijumba. Nkambo husema katoto na kanyumba, na wakiwa wengi, tutoto na tunyumba. Profesa anayeniongoza alisoma sura ya kwanza, akaniuliza: "Mara ngapi?" Sikuwa na jibu. Akanishauri niache kuhesabu kwa kalamu, nijifunze Python. Zilibaki wiki tatu kabla ya kuweka memwari.

Jina lenyewe lilinitisha. Nyumbani mama aliuliza kama kweli chuoni tunafundishwa mambo ya chatu. Baadaye nilisoma kwamba Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa lugha hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1991, hakulitoa jina kwa nyoka. Alilitoa kwa Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Lakini siku hizo mimi sikucheka.

Kompyuta yangu ni ya zamani, inatumia Windows 7. Nilinunua mega, nikapakua Python mpya kabisa, nikabonyeza. Kikatokea kidirisha chenye maneno ya Kiingereza. Niliona neno moja tu, la kushindwa, nikakifunga. Nikajaribu tena, nikakifunga tena. Nikasema moyoni: haya ni mambo ya watu wa hesabu, si ya sisi watu wa lugha.

Mdogo wangu, ambaye bado yuko sekondari, alinikuta nimeshika kichwa.

"Yaya, kinasema nini?"

"Kinakataa."

"Hapana. Soma yote."

Nikasoma kwa sauti. Kilikuwa kinasema kwamba programu ile inahitaji Windows mpya zaidi. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo. Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7, kwa hiyo ilibidi ninunue mega nyingine.

Safari hii programu iliingia vizuri. Nikafungua kidirisha cheusi cha kuandikia amri, nikaandika python. Kikajibu kwa Kifaransa kwamba hakilitambui neno hilo. Nilitaka kulia, lakini nilikumbuka: soma yote. Hakikusema kwamba Python haipo. Kilisema kwamba jina hilo hakilijui.

Mdogo wangu alinieleza hivi. Kompyuta ina orodha ya folda iitwayo PATH, yaani njia. Ukitaja programu kwa jina, inaitafuta katika folda za orodha hiyo. Folda isipokuwa kwenye orodha, kompyuta haiendi kuchungulia huko. Ni kama mgeni aliyekwisha kuingia uani lakini hakuna aliyemtaja kwa mlinzi. Wakati wa kuweka Python, chini ya kidirisha cha kwanza, kuna kisanduku kidogo cha kuiongeza kwenye PATH. Hakina alama mpaka uitie mwenyewe, na mimi nilikipita. Tuliiondoa Python, tukaiweka upya, tukatia alama. Mara hii ilijibu.

Mstari wangu wa kwanza nao ulikataliwa, kwa sababu niliandika Print badala ya print. Python hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Nilianza na mstari wa mwisho wa ujumbe, kwa kuwa ndipo Python inapotaja kosa lenyewe, nikasahihisha bila kumwita mtu.

Siku mbili baadaye niliiomba ihesabu maneno yote yanayoanza na ka-. Ilijibu papo hapo, na hesabu ilikuwa kubwa mno. Nilifurahi hadi nilipoomba kuona orodha: kazi, kama, kaka, kabisa, kanisa, na katikati yao, katoto. Mashine ilikuwa imeona herufi mbili tu. Haikujua kwamba ka- ya kanyumba inaondoka na kuacha nyumba, na kwamba ka ya kazi haiondoki. Nilikaa usiku mzima nikichagua, neno kwa neno, nikirudi kwenye sauti ya nkambo kila nilipotia shaka.

Memwari niliiweka siku ya mwisho, na swali la "mara ngapi" lina jibu kwenye sura ya tatu. Kwa wenzangu wa kitivo watakaojaribu: angalieni kwanza Windows yenu ni ya ngapi kabla ya kununua mega, na msikipite kile kisanduku. Kidirisha kikikataa, msikifunge. Tunafundishwa kusoma sentensi hadi nukta. Ile nayo ni sentensi.