Miguu Kumi na Mmoja

Katika nyumba moja kijijini Hewani, si mbali na Wema, upande wa Garsen, kuna picha ya familia isiyo na uso hata mmoja. Imo ndani ya fremu ya mbao, nyuma ya kioo kilichopasuka pembeni. Sehemu ya juu ni weupe uliochafuka mithili ya ukuta ulionyeshewa. Chini huonekana ukingo wa mkeka, pindo la shuka lililokandamizwa kwa jiwe, na miguu ya watu. Ukiihesabu utapata kumi na mmoja. Miwili imevaa viatu vya ngozi. Iliyosalia imekanyaga ardhi kama ilivyoumbwa.

Picha hiyo ilipigwa mwaka 1973. Mpiga picha alikuja kwa mtumbwi, akatundika shuka ya kitanda baina ya miembe miwili na kuwapanga watu mbele yake. Kamera yake ilikuwa ile ya sanduku, ambayo mpigaji huining'iniza usawa wa tumbo na kuinamisha kichwa kuchungulia kwa juu, utadhani anatafuta kitu kilichomwangukia ndani. Filamu yake ilitoa picha kumi na mbili tu, naye hakuwa tayari kwenda kuiosha kabla ya kuimaliza. Kwa hivyo familia ilimlipa, ikangoja hadi apate wateja wa kuijaza filamu katika vijiji vingine, na picha ikarudi baada ya miezi miwili, hali wenyewe wamekwisha kuikatia tamaa.

Waliopigwa walikuwa sita: babu, mama yake babu, nyanya na mtoto mchanga mapajani, mvulana wa miaka minane na msichana wa miaka mitano. Miguu yao ni kumi na miwili. Ule usioonekana ni wa mtoto mchanga, uliofunikwa na leso ya mamaye.

Msomaji anayeujua Mto Tana hatauliza nyuso zilikwenda wapi. Mto huu, ambao ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, hubeba mvua za nyanda za juu na kuzimwaga kwa watu ambao huenda hawajaona wingu lolote kwao. Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua za El Niño ziliufurisha hata kingo za mradi wa mpunga wa Delta ya Tana zikabomoka, na mashamba ya mradi huo yakaharibika. Katika nyumba inayosimuliwa hapa maji yaliingia usiku. Watu walijipakia mtumbwini pamoja na mbegu, sufuria na kuku wawili. Picha ilibaki imetundikwa kwenye nguzo.

Waliporudi waliikuta imejaa ukungu. Karatasi ya picha ya zamani hupakwa gelatini, aina ya gundi itokanayo na mifupa na ngozi za wanyama, na sura za watu zimo ndani ya gundi hiyo wala si ndani ya karatasi. Ikilowa huvimba, ikikauka ikiwa imegusana na kioo, hukishika kisibanduke. Baba wa familia hakuyajua hayo. Alipokibandua kioo ili aianike picha juani, nyuso zilitoka na kioo. Alijaribu kuzikwangua kwa kisu, zikawa unga. Maji ya mwisho, yaliyotuama chini ya fremu kwa siku chache tu, ndiyo yaliyoiachia familia miguu yake.

Hasara hiyo isingekuwa kubwa kama kungekuwa na picha nyingine. Babu aliaga dunia mwaka 1989. Kitambulisho chake, ambacho kilikuwa na picha ndogo, kilirudishwa serikalini wakati wa kuchukua cheti cha kifo, kama sheria inavyotaka. Mpiga picha naye alikuwa amekwisha kuhama na negativu zake. Basi mjukuu aliyezaliwa mwaka 2002, ambaye sasa ni mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu, alikua akiambiwa mambo mengi kuhusu babu yake, ila hakupata kuuona uso wake. Aliijua miguu yake tu, tena ikiwa ndani ya viatu.

Desemba 2024, ndugu walipokusanyika kwa ajili ya Krismasi, mjukuu huyo alitoa shauri: picha ile ipigwe upya. Ukoo upangwe kama ulivyopangwa, shuka itundikwe, kila nafasi ijazwe na aliye hai, na simu yake iifanye picha ifanane na ya mwaka 1973. Jioni hiyo hiyo alijaribu kwa kumpiga nyanya peke yake, kisha akatumia programu ya simu kuigeuza rangi ikawa ya kahawia, yenye madoa na mikwaruzo. Akampelekea bibi huyo mwenye umri wa miaka sabini na sita aitazame.

"Mbona umenitia katika chai?" nyanya akauliza.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Rangi ya kahawia ambayo vijana huidhania kuwa ndiyo rangi ya kale, mara nyingi ni alama ya dawa za mtu mwingine wa zamani zaidi, au ya picha iliyooshwa vibaya ikaharibika. Picha za aina ile zilipotoka zilikuwa nyeusi, nyeupe na kijivu. Wekundu wa leso na ukijani wa majani ya mwembe viliweza kuangukia kijivu kimoja. Nyanya anakumbuka kwamba leso yake ilikuwa nyekundu kwa sababu aliivaa, si kwa sababu aliiona pichani.

Baada ya hapo mjukuu aliacha programu, akaigeukia ile miguu. Na hapa ndipo kazi ilipomnogea, kwani kipande kile kilikuwa na maelezo mengi kuliko alivyodhani. Kwenye ukingo wa mkeka kulikuwa na kivuli kirefu cha mtu aliyevaa kofia. Ni mpiga picha mwenyewe, jua likiwa mgongoni pake. Kivuli kirefu ni cha asubuhi au cha jioni. Nyanya alisema jioni, maana mtumbwi ulifika watu wakitoka shambani. Kwa kuwa miembe yote miwili ingali imesimama, upande wa kamera ukajulikana. Visigino vya waliosimama vilionekana karibu sana na pindo la shuka, kwa hivyo hawakuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Tena mkeka ulionekana umelala mno, kama unavyoonekana na mtu aliyechuchumaa. Simu haikupaswa kushikwa usawa wa macho, bali usawa wa tumbo, na kwa umbali wa hatua kadhaa, kwani simu ikikaribia sana huwavuta watu wa pembeni wakanenepa upande mmoja.

Zikabaki habari za viatu. Mjukuu alitaka viatu vya namna ile vitafutwe Garsen.

"Havikuwa vyake," nyanya akasema. "Vilikuwa vya mwalimu. Vilimbana hata akapigwa picha amekunja vidole."

Na saa ya mkononi ambayo hadithi za ukoo huitaja? Ilikuwa ya mpiga picha. Na redio iliyowekwa juu ya kigoda? Ya mpiga picha pia, tena haikuwa na betri.

Huenda mtu akaona kwamba familia ilikuwa imeuenzi uongo kwa miaka ishirini na minne. Lakini ndivyo picha zilivyopigwa karibu kila mahali Afrika. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, alikuwa na suti, saa, redio na hata skuta za kuwaazima wateja. Huko Mombasa, studio ya N. V. Parekh ilipokea kwa miongo kadhaa watu waliokwenda kujipamba na kukaa kama wacheza filamu. Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alikuwa bingwa wa kukata picha za watu na kuzipachika ndani ya mapambo. Kivukoni Likoni, katika miaka ya 1990, abiria aliweza kusimama mbele ya pazia lililochorwa ndege au meli, akapigwa picha, kisha akapanda feri kwenda zake. Hakuna aliyedanganywa. Mtu alikwenda studio ili aonekane alivyotaka kukumbukwa, na wote waliomjua walijua kwamba saa si yake. Pengine ndiyo maana Kiswahili husema picha hupigwa, ilhali lugha nyingine husema huchukuliwa. Hoja hiyo tuwaachie wanaisimu. Jambo zito zaidi lilikuwa linangoja chini ya mwembe.

Nani angekaa kwenye kiti cha babu? Wote walidhani ni mwanawe mkubwa, yule mvulana wa miaka minane ambaye sasa ni baba yake mjukuu na anakaribia sitini. Alikwisha hata kunyoa ndevu. Nyanya alimtazama kwa muda, akatikisa kichwa.

"Wewe umechukua kwetu," akamwambia. "Uso wa baba yako anao dada yako. Mjukuu wangu, ukitaka kumwona babu yako, mlete shangazi yako."

Watu walinyamaza. Shangazi aliolewa na mwanamume wa Kiorma mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo ndoa hiyo ilizua maneno, yakaisha. Wapokomo walikuwa wakibadilishana mahindi na ndizi kwa maziwa ya Waorma tangu enzi za mababu, na njia ya kwenda malishoni ilipita mlangoni. Kisha ukaja mwaka 2012. Kuanzia Riketa mwezi Agosti hadi Kilelengwani mwezi Septemba, mapigano ya Delta ya Tana yaliangamiza zaidi ya watu 100 kutoka pande zote mbili, na nyumba nyingi zikateketezwa. Baba mdogo, yaani yule mtoto mchanga wa pichani, alimzika rafiki aliyekuwa kama pacha wake. Tangu hapo hakumpigia dada yake simu, wala dada hakufika Hewani. Hakuna aliyemfukuza. Hilo ndilo lililofanya jambo lenyewe liwe gumu kurekebishika, kwa kuwa hapakuwa na neno lililotamkwa ambalo mtu angeweza kuliomba radhi.

Baba mdogo alisema, "Akija, mimi sitakaa pichani." Nyanya akamjibu kwamba pichani hapakuwa na kiti chake, alikuwa mapajani.

Mjukuu alipiga simu. Shangazi alisikiliza habari za miguu, za viatu na za uso, akasema atafikiri. Siku mbili baadaye alishuka kwenye bodaboda akiwa na mjukuu wake wa miaka minne, kajifunga ushungi, na mkononi ana dumu la maziwa. Alipofika uani hakuingia ndani. Alisimama mahali ambapo mgeni husimama, akaita hodi kwenye nyumba ya mamaye.

"Nani anabisha hodi kwao?" nyanya akauliza kutoka ndani.

Mtoto hakujua Kipokomo. Alijificha nyuma ya leso ya nyanyake, akawa anawachungulia watu. Ndipo nyanya mkuu alipomsemesha Kiorma, kile alichokipata ujanani akiuza ndizi, ambacho wajukuu zake wengi hawakujua kwamba anakijua. Mtoto akatoka alikojificha. Akaketishwa mapajani, na nafasi ya baba mdogo ikawa imepata mtu.

Shangazi alikaa kwenye kiti cha babu. Viatu hakuvaa, alisema kama vilikuwa vya kuazima, basi havina haja ya kurithiwa. Dada mkubwa wa mjukuu alisimama mahali pa mama yake babu, na mwana wake wa kike akasimama palipokuwa na msichana wa miaka mitano. Baba yake mjukuu alisimama palepale alipokuwa mwaka 1973, ingawa sasa kichwa chake kilipita shuka. Aliyebaki nje alikuwa mjukuu aliyepaswa kupiga picha, pamoja na baba mdogo aliyekuwa ameegemea mlango wa jiko, amefumbata mikono.

Jua lilikuwa linashuka. Mjukuu aliinama, akaishusha simu usawa wa tumbo, na katika kutafuta umbali akakanyaga jiwe, akateleza. Baba mdogo alikuja akamnyang'anya simu. "Utawakata vichwa," akasema. "Simama kando."

Akasimama jua likiwa mgongoni pake. Kivuli chake kilifika hadi ukingoni mwa mkeka. Aliwaambia wasicheke, na hakuna aliyekuwa akicheka. Alimtazama dada yake kwenye kioo cha simu kwa muda mrefu kuliko upigaji picha unavyohitaji. Picha ya kwanza ilitoka na ukungu. Alisema mtoto ametikisika, lakini mtoto alikuwa ametulia tuli. Ya pili ilitoka vizuri, isipokuwa dumu la maziwa lilionekana pembeni, karibu na kigoda cha redio. Mjukuu alitaka kulifuta. Baba mdogo alisema liachwe.

Picha ilichapishwa, nyeusi na nyeupe, isiyotiwa doa wala mkwaruzo. Mjukuu huitazama sana sehemu ya katikati, pale penye uso wa mwanamke mwenye ushungi, kidevu kimeinuliwa kidogo. Wazee kadhaa wa Hewani walioonyeshwa walilitaja jina la babu kabla ya kuambiwa chochote.

Ukutani mwa nyumba ya sasa, iliyojengwa kwenye kiinuko baada ya mafuriko ya 1997, mna mstari wa tope ulioachwa na maji ya Novemba 2023. Baba mdogo ndiye aliyegongomea msumari, shibiri moja juu ya mstari huo. Alipomaliza aliinyoosha mikono aichukue fremu ya zamani, ile ya miguu, ili nayo aipandishe.

"Hiyo iache chini," nyanya akasema. "Imekwisha kuyazoea maji."