Utumbo Mdogo wa Lausanne

Nimefundisha baiolojia Tanga kwa miaka 17, na kila mwaka nimechora ubaoni mchoro uleule: jeni inaamuru, seli inatii. Mpwa wangu aliponiandikia kwamba kwenye maabara anakosomea uzamivu, seli huamriwa pia na ugumu wa kitanda zinacholalia, nilimjibu kwa maneno mawili: nitaamini nikiona. Akanitumia tiketi.

Ndege ilitua Geneva asubuhi. Alinipokea kwa shikamoo kubwa mbele za watu, kama vile tupo stendi ya Tanga, na tukapanda treni inayofuata ziwa: maji kuliani, mizabibu kushotoni, na ng'ambo ya maji milima ya Ufaransa yenye theluji. Baada ya dakika 45 hivi tukawa Lausanne. Mimi ni mtu wa mji tambarare, mji wa baiskeli. Lausanne wameujenga ubavuni mwa mlima, na ndani yake inapita treni ya chini ya ardhi isiyo na dereva, inayopanda kama mkwezi. Nilikuwa nimesimama. Ilipoanza kupanda, magoti yangu yalijikaza kabla sijafikiri lolote.

"Yakumbuke hayo magoti, mjomba," mpwa wangu akasema. "Kesho tutayahitaji."

Usiku ule, saa nne, nilisikia mtu akipaza sauti kutoka mnara wa kanisa kuu. Nikadhani kuna moto. Kumbe ni mlinzi anayeutangazia mji saa, kazi inayofanywa pale tangu 1405. Nililala nikiwa na furaha ya ajabu: mji wenye treni isiyo na dereva bado una mpiga mbiu wake.

Siku ya pili tulikwenda EPFL, chuo kikuu cha teknolojia kilicho karibu na ziwa. Nilivaa koti jeupe na glavu, nikapuliziwa spiriti mikononi. Seli wanazitunza ndani ya kabati la chuma lenye nyuzi 37, na hewa yake wameiongezea kaboni dayoksaidi hadi asilimia 5, ili ziamini kuwa bado zimo mwilini. Mlango ulipofunguliwa, joto lenye unyevu lilinipiga usoni, nikajihisi nyumbani kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Nilipoinamia hadubini nilitarajia kuona kinyama. Niliona mapovu. Mengine yalikuwa mviringo mtupu, yenye ukuta mwembamba na uwazi katikati. Mengine yalikuwa yamechipua vidole pande zote, na umbo lake, kwa mtu wa jikoni kwetu, ni tangawizi. Hayo ndiyo matumbo madogo, wanayoyaita oganoidi. Mwaka 2009, kule Utrecht Uholanzi, Toshiro Sato na wenzake katika maabara ya Hans Clevers walichukua seli shina moja ya utumbo wa panya, wakaizamisha kwenye jeli na kuilisha, nayo ikajenga tangawizi hiyo yenyewe. Kila kidole ni kishimo kama vile vilivyomo katika ukuta wa matumbo yetu, na seli shina hukaa chini kabisa, kwenye ncha. Niliuliza mara mbili kama ni seli moja kweli. Ni moja.

Jeli ya wakati ule ilitoka kwenye uvimbe wa saratani ya panya, na hakuna aliyeweza kuipangia ugumu wake. Hapa Lausanne kundi la Matthias Lutolf likatengeneza jeli safi ya kiwandani ambayo ugumu wake unapangwa, na mwaka 2016 likaeleza lililoonekana. Katika jeli iliyokaza kidogo seli shina ziliongezeka vizuri, lakini hazikujenga utumbo. Ili zijenge, jeli ilibidi ilegee. Nilifikiria miche ya mikorosho ndani ya mifuko ya kitalu. Mche unahitaji mfuko, lakini usipochana mfuko siku ya kupanda, mizizi itazunguka humo humo.

Kisha mpwa wangu akaniwekea mezani visahani vitatu vya jeli isiyo na seli. "Bonyeza, mjomba."

Cha kwanza kilikuwa kama nyama ya dafu changa, ile inayoteleza kwenye kijiko. Cha pili kilikuwa dafu lililoanza kushika. Cha tatu kilikuwa koroma: kinakubali kidole, lakini kwa shingo upande. Akanieleza jaribio la mwaka 2006 la Adam Engler, Dennis Discher na wenzao kule Philadelphia, Marekani. Walitandaza seli shina za uboho juu ya vitanda vya aina hii, wakazipa chakula kilekile. Kwenye kitanda laini kama ubongo, seli zikatoa matawi kama za neva. Kwenye chenye ugumu wa msuli, zikarefuka kama za msuli. Kwenye kilichokaza zaidi zikashika njia ya mfupa. Chakula ni kimoja, jeni ni zilezile.

Nilisimama pale na kidole changu juu ya koroma, nikiuona ule mchoro wangu wa ubaoni.

"Umejuaje kuwa hiki ni kigumu?" akaniuliza.

"Nimebonyeza, kikanirudishia."

"Nazo ndivyo zifanyavyo."

Seli hujishikiza kwenye kitanda chake na kukivuta. Huvuta kwa miosini, protini ya ukoo mmoja na ile inayokunja misuli yetu. Kitanda kikikaza, kamba za ndani ya seli nazo hukaza, na habari hiyo hufika hadi kwenye kiini, kunakosomwa jeni. Wale wa Philadelphia walipozitia seli dawa inayoizuia miosini, zilishindwa kuchagua njia. Zilikuwa zimepoteza magoti. Na hapa ndipo lilipo jambo lililonigusa kuliko yote: kwa miongo mingi watu wameziotesha seli kwenye visahani vya plastiki, plastiki ambayo kwa seli ya ubongo ni ngumu kuliko kitanda chake cha asili mara mamilioni. Ni kumlaza mtoto mchanga juu ya kifuu, kisha kuandika kitabu kuhusu namna watoto wanavyolala.

Siku ya tatu niliona utumbo wenyewe. Yale mapovu ya tangawizi yana kasoro: hayana mlango, seli zilizokufa hujaa katikati, na kila baada ya siku chache lazima yavunjwe yaanze upya. Basi, katika kazi iliyotoka mwaka 2020, kundi lilelile la Lutolf lilichonga mfereji ndani ya jeli kwa leza, wenye vishimo kuta zote mbili, kisha likaingiza seli shina za utumbo wa panya. Mpwa wangu alinionyesha picha zake zilizounganishwa kuwa filamu. Seli zinatambaa, zinatandika ukuta mzima, na siku chache baadaye kila moja ina kazi yake: seli shina zimebaki vishimoni, seli za kufyonza chakula zimekaa juu, baina yao. Hakuna aliyezipangia viti. Kwenye pindo zinabanana, kwenye tambarare zinatanuka, na kubanwa huko ni sehemu ya amri. Zinazokufa huangukia mferejini na kusafishwa, kwa hiyo utumbo huu huishi wiki kadhaa. Hauna mishipa ya damu wala misuli ya kuukamua, na mpwa wangu alisisitiza nisiusifu kupita kiasi. Nilirudia filamu hiyo mara sita.

Jumatatu niliyorudi kazini niliingia Kidato cha Nne na kapu lenye madafu mawili na koroma moja. Darasa zima lilibonyeza. Ndipo msichana wa dawati la nyuma akauliza: "Sasa mwalimu, mtoto akiwa tumboni, utumbo wake unakunjwa na nani?"

Sikuwa na jibu, nikalituma swali Lausanne. Usiku ikaja sauti ya mpwa wangu. Kwenye kiinitete, utumbo umeshonwa kwenye utando, na utumbo hurefuka upesi kuliko utando. Watafiti wa Harvard walionyesha hivyo kwa viinitete vya kuku mwaka 2011: walipoutenga utumbo na utando wake, ulinyooka, na utando ukajikunyata. Wakashona mpira mrefu kwenye kipande cha mpira kilichovutwa, walipokiachia wakapata mizunguko ileile. "Mwambie huyo binti," akasema, "aangalie sketi yake. Kitambaa ni kirefu, mkanda ni mfupi."

Asubuhi nilimwambia. Akashika marinda yake kwa vidole viwili, akayanyoosha, akayaachia.